Ukiambiwa "pole na joto" unajibu "nimeshapoa" huku jasho linachuruzika. Wenye kazi za moto na jua, stori za wateja mnazimudu vipi?

KiepeMabibo (mleta mada)

Wakuu, habari za mchana. Nina kibanda cha chipsi Mabibo, Dar, huu mwaka wa nne, kwa hiyo moto siuogopi. Lakini Februari hii imenifikisha mahali nikamkosea mtu mzima, na roho haijatulia.

Niwape picha. Saa tisa alasiri, bati juu ya kichwa, karai mbele, jiko la mishikaki ubavuni. Kaupepo ka kaskazi kenyewe kakinifikia kameshapita kwenye mkaa. Naanza kumenya viazi saa sita, ikifika saa tisa fulana nimeshabadilisha mara mbili. Hapo ndipo mteja anafika, na hasemi anataka nini. Anaanza: "Mambo vipi? Za tangu jana? Nyumbani hawajambo? Leo joto eeh! Hivi wewe hapo kwenye moto unajisikiaje?"

Najisikiaje! Nimesimama mbele ya mafuta yanayochemka, kaka, unadhani najisikiaje?

Msinielewe vibaya. Nimekulia Tanga, kwetu ukipita mlangoni kwa mtu bila kusalimia, habari inafika kwa mama kabla yako. Salamu nazipenda. Tatizo lake hazina mwisho. Ukijibu moja inakuja nyingine, na karai halijui adabu. Mwezi huu nimeunguza chipsi za watu watatu kwa wakati mmoja nikibishana na mteja habari za Simba na Yanga, na yeye mwenyewe hakununua, alikuwa anasubiri daladala.

Sasa kosa langu. Kuna mama wa mtaani, mstaafu, mteja wangu tangu siku ya kwanza nawasha jiko. Jumatano iliyopita alikuja na mwavuli wake, nikamwamkia, akaitika, akasimama pembeni ya foleni. Mkeo hajambo? Mtoto kashaanza shule? Siku hizi Jumamosi unafungua saa ngapi? Viazi gunia bei gani sasa? Huyo kijana wako wa mishikaki bado yupo? Watu sita wanasubiri, mmoja anagonga kioo kwa sarafu, jasho limeniingia jicho la kulia. Nikamwambia: "Mama, unataka chipsi au unataka stori?"

Hakunijibu. Alifungua mwavuli akaenda zake. Leo siku ya tano hajapita hata barabara ile.

Naomba mnisaidie mambo mawili. Mnajibuje hizi stori wakati mwili umechemka? Na huyu mama nimrudie vipi?

ZegeBilaChumvi

"Unataka chipsi au unataka stori." Mkuu, nimecheka peke yangu kwenye daladala, konda ananiangalia vibaya.

Siti ya mbele, ngoja wajuvi waje.

MzeeWaGerezani

Kijana, joto usilisingizie. Mimi nimekuwa kuli bandarini. Magunia mgongoni, mwezi wa pili, jua la utosi, na mtu akipita tunajuliana hali. Sijaona aliyekufa kwa salamu. Huyo mama alikuuliza habari za mwanao na wewe ukamuuliza anataka nini. Hayo maneno yana miguu, yatafika Tanga.

KiepeMabibo

Shikamoo mzee wangu. Nimekubali kosa, ndiyo maana nimekuja hapa.

MzeeWaGerezani

Marahaba. Bado nina hasira.

BodaMnyamwezi

Mzee, ninyi makuli mlikuwa na nyimbo za kubebea mzigo. Mwenzetu ana foleni.

BiMahamri_Mvita

Mwanangu, asalaam aleikum. Mimi niko Mombasa, Mji wa Kale, asubuhi nakaanga mahamri, jioni viazi karai na bajia. Mwaka wa kumi na tisa huu. Nikwambie nilichofunzwa na mamangu, Mungu amrehemu.

Jawabu lina mlango. Kuna jawabu la kufungua na jawabu la kufunga. Mtu yuaja, akuuliza "vipi hili joto?" Ukijibu "wee, wacha tu", ushamkaribisha ndani. Sharti akuulize "kwani kuna nini?" na sasa mko wawili kwenye joto lile lile mwalizungumza. Lakini ukijibu "Alhamdulillahi, twashukuru", mlango umefungwa na hakuna aliyeumia kidole. Nani atakwambia usimshukuru Mungu?

Na papo hapo, kabla hajavuta pumzi, mtilie lako: "Nikutilie ngapi?" Usiseme "wataka nini", hilo ni neno la karani wa ofisini. "Nikutilie ngapi" mkono uko kwenye sahani tayari, mtu mwenyewe aona aibu kukucheleweshea mkono.

Mwaka 2025 mfungo ulianza mwanzo wa Machi, na Machi ya Mombasa mwaijua. Kuanzia saa tisa mimi niko motoni, koo kavu, na watu wote wa mtaa wataka bajia kabla ya adhana. Kila ajaye: "Vipi swaumu, Bi? Imekushika?" Swaumu hailalamikiwi, ukilalamika umeshaipunguza. Basi nawajibu "yaenda, yaenda" na mkono waendelea. Neno moja mara mbili. Ukilisema mara moja laonekana umenuna, mara mbili laonekana umecheka.

ZegeBilaChumvi

"Ukilisema mara moja umenuna, mara mbili umecheka." Nimejaribu sasa hivi kwa mke wangu. Kweli kabisa. "Sawa" na "sawa sawa" ni watu wawili tofauti.

KiepeMabibo

Bi, waaleikum salaam na shikamoo. Hapo kwenye "wacha tu" umenipata. Mimi kila siku najibu "we acha tu mkuu", halafu nashangaa kwa nini hawaondoki.

DadaMiwa_Moro

Niko Morogoro, karibu na stendi ya mabasi ya Msamvu, nauza juisi ya miwa. Kwetu miwa si shida, shida ni nyuki na wanaume.

Nyuki wanafuata sukari, nimewazoea, tunafanya kazi pamoja. Wanaume wanashuka kwenye basi, wamekaa saa nne kwenye joto, mguu wa kwanza chini wanataka kuongea na mtu. "Dada, na jua hili nani anakupepea?" "Umeolewa?" "Mkono mzuri hivi unasukuma mashine?" Ukijibu kwa hasira, umempa raha. Ukicheka, anarudi kesho akiwa na rafiki yake. Miaka ya mwanzo nilikuwa nalia nyumbani, siwadanganyi, si kwa maneno yenyewe, ni kwa vile siku nzima nasimama juani halafu hata mdomo wangu nao unafanyishwa kazi.

Sasa hivi nawapa kazi. Mtu akianza tu, namkabidhi ndimu na kisu: "Nikatie hiyo, kaka." Au namwomba anishikie jagi. Mwanaume akiwa na ndimu mkononi stori zinakuwa za ndimu. Wengine wamenikatia ndimu za siku nzima kwa glasi moja ya juisi.

Lakini sheria yangu moja haina utani. Muwa ukiwa kwenye magurudumu ya mashine, sijibu mtu, hata aje waziri. Mwenzangu mmoja alimgeukia mteja aliyemwita jina, mashine ikala ncha ya kidole. Wateja wangu wa kudumu wanajua: mashine ikilia, dada hasikii. Wanasubiri inyamaze ndipo waendelee walipoishia, na kwa bahati nzuri nusu yao wameshasahau.

BodaMnyamwezi

Sisi boda tumebarikiwa kofia ngumu. Abiria anaongea kutoka kituoni mpaka anashuka, mimi najibu "eeh" kila tukipita tuta. Juzi mmoja kashuka ananiambia "asante kwa ushauri wako". Sijui nilimshauri nini.

FundiBaridi

Mimi ni fundi AC, na msimu huu ndiyo mavuno. Nipingane kidogo na wenzangu: kwangu stori ya mteja ni sehemu ya kazi. Akiniambia "juzi umeme ulikatika, uliporudi ikalia kidogo ikanyamaza", ameshanipunguzia saa nzima ya kupima. Mwingine anakueleza jinsi mtoto alivyolowa maji kitandani usiku, unajua moja kwa moja bomba la kutolea maji limeziba. Kwa hiyo chini, kabla sijapanda, namwacha aongee mpaka achoke. Namuuliza na maswali.

Kero yangu iko nikiwa juu. Ile mashine ya nje wanaiweka ukutani upande wa jua, bati linaunguza kiwiko, yenyewe inanipulizia joto la nyumba nzima usoni. Mwenye nyumba ametoka ndani, kasimama kwenye kivuli cha mwembe na glasi ya maji ya baridi: "Fundi, leo joto eeh?" Naye anaongea akinywa.

Siku hizi kabla ya kupanda nasema mapema: "Bosi, nikiwa juu sitakusikia vizuri, nikishuka nitakueleza yote." Nasikia vizuri sana. Ila nikishuka kweli namweleza yote, na hapo ananiletea maji.

MtejaMsumbufu

Naona mnatusema sana, ngoja niwe wakili wa shetani wenu. Mimi ndiye yule anayesema "joto leo eeh" kwa muuza chipsi. Unajua kwa nini? Kwa sababu nimekuona unateseka, na siwezi kusimama mbele ya mtu anayeteseka nikasema "chipsi mayai moja, pilipili pembeni" kama nimekutana na bomba la maji. Lazima nianze na kitu. Ningekuwa nimezaliwa kwingine labda ningeagiza tu nikalipa. Hapa kwetu nikifanya hivyo, wewe huyo huyo utasema "yule jamaa ana dharau, hata hasalimii".

Mnataka tuanzie wapi?

DadaMiwa_Moro

Anzia "pole na kazi", mtu anajibu "nishapoa" au "asante", kisha agiza. Pole moja inatosha. Nyie mnaleta pole na kazi, pole na joto, pole na foleni, pole na majukumu, mpaka mtu anajiona amefiwa.

KiepeMabibo

Hapo dada ndipo kilipotoka kichwa cha uzi. Kiswahili chetu hakikupi hata nafasi ya kusema ukweli. Unapewa pole, unatakiwa useme umeshapoa. Nimeshapoa wapi na mafuta yananirukia?

AbuSalim_Muscat

Salaam kutoka Oman. Nimezaliwa Unguja, niko huku miaka mingi, naendesha gari la kusambaza maji ya kunywa majumbani. Mkisema joto la Dar nawahurumia lakini nacheka kidogo. Muscat mwezi wa sita nyuzi 40 ni siku ya kawaida, usukani unashikwa kwa kitambaa.

Huku serikali imeweka sheria: Juni, Julai na Agosti, kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, kazi za nje juani zimekatazwa. Qatar kwa wenzetu wanaanza kupumzika saa nne asubuhi, kuanzia Juni mosi hadi katikati ya Septemba. Yaani jua limepewa heshima yake kisheria. Wewe wa Mabibo sheria yako ujitungie mwenyewe.

Ila nimekuja kwa ajili ya stori. Huku nikifika na madumu, mwenye nyumba, hasa wazee, na wengi wao wanazungumza Kiswahili chetu cha Unguja utadhani uko Malindi ya Mji Mkongwe, hakubali nishushe maji niende. "Ingia, kahawa." Nina nyumba ishirini mbele, gari linawaka jua. Kukataa ni tusi. Nilichojifunza ni finjani. Kahawa inamiminwa kidogo kidogo, na ukirudisha finjani mtupu bila kitu anakujazia tena, na tena. Ukiutikisa kidogo kwa mkono, kushoto kulia, umesema "basi, ahsante, nimeridhika". Hakuna aliyetamka neno na hakuna aliyenuna. Nakunywa mmoja nikiwa nimesimama, natikisa, natoka. Dakika mbili, na mzee anabaki akiniombea dua.

Kinachonisaidia si lugha tamu. Ni kuwa ile ishara sisi sote tunaijua tangu utotoni.

KiepeMabibo

Sheikh, mimi nitatikisa nini kwenye chipsi?

ZegeBilaChumvi

Tikisa chujio.

BodaMnyamwezi

Hapo umesema utani lakini fikiria vizuri mkuu. Chujio lina mlio.

Nesi_ZamuYaUsiku

Nimesoma uzi wote nikiwa zamu. Nina la kumwambia mleta mada, na si la adabu, la adabu ameshamaliza Mzee wa Gerezani.

Mwili unapoa kwa jasho kukauka. Jasho kutoka peke yake hakusaidii. Pwani hewa imejaa unyevu, jasho halikauki, linatiririka tu mpaka kwenye ndala. Ndiyo maana nyuzi 32 za Dar zinakumaliza kuliko nyuzi hizo hizo ukiwa Dodoma. Wewe juu ya hapo unaongeza mkaa, mvuke na bati. Unapoteza maji na chumvi kuanzia saa sita, na hujasema popote kwamba unakunywa kitu. Mtu wa namna hiyo kitu cha kwanza kuisha kwake ni uvumilivu. Kichwa kinauma, hasira ziko karibu, maneno yanatoka kabla hayajapimwa. Sikutetei, nakueleza tu saa tisa na nusu ya siku ile ulikuwa mtu wa aina gani.

Kunywa kabla ya kiu, kidogo kidogo. Siku ya jasho jingi tengeneza mwenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi ukidhani ndiyo dawa. Kitambaa kilicholowa maji shingoni, na mtu wa kukushika zamu robo saa.

Na sikiliza hili. Hizo stori unazozichukia ni kipimo. Mteja akikupa elfu kumi ukashindwa chenji ambayo siku zote unairudisha bila kufikiri, akikuuliza jambo ukamjibu jingine, ukiyumba, toka kwenye karai hapo hapo. Joto la ndani ya mwili likifika nyuzi 40 na akili ikaanza kuchanganyikiwa, hicho ni kiharusi cha joto, na kinaua. Jasho linaweza kuwa limekauka au bado linatoka, msidanganyike nalo. Mtu huyo apelekwe kivulini, apunguzwe nguo, amwagiwe maji, apepewe, na hospitali mara moja. Kama hajitambui msimlazimishe kunywa. Anayeongea na wewe ndiye wa kwanza kugundua. Muuzaji aliyenyamaza kimya siku nzima hakuna atakayejua ameanza kuchanganyikiwa.

MadafuKigamboni

Nesi, si useme tu wanywe madafu, umalize.

Nesi_ZamuYaUsiku

Dafu ni zuri, lina potasiamu nyingi. Sodiamu ni kidogo, na jasho linatoa sodiamu. Anywe dafu na ale kitu chenye chumvi.

MadafuKigamboni

Chipsi na dafu. Kiepe, njoo tufungue kampuni.

Kwangu stori ni fupi kwa sababu moja: nimeshika panga. Mteja anasema "nipe lenye nyama laini, si kitale wala koroma", napiga kwa kidole kusikiliza, nafyeka mara nne, namkabidhi. Hakuna mtu anayemwongelesha sana mtu anayefyeka. Wanaanza kuongea wakishakunywa, na hapo mimi nimeshahamia kwa mwingine.

MzeeWaGerezani

Yote mazuri. Yule mama je?

ZegeBilaChumvi

Ampelekee chipsi mayai na robo kuku nyumbani, yaishe.

BiMahamri_Mvita

Hapana, hapana. Mwanangu usifanye hivyo. Wewe ulimuuliza, chipsi au stori? Ukimpelekea chipsi, ushamjibia. Nenda mikono mitupu, na stori. Nenda jua limeshatua, umeoga, umevaa shati. Usiende na haraka.

MzeeWaGerezani

Bi amemaliza. Na usianze na msamaha mlangoni kama mtu wa mkopo. Mwamkie, kaa, mjulie hali, yeye mwenyewe atalileta.

KiepeMabibo

Nimewasikia. Kesho nafunga mapema.

---

KiepeMabibo

Wakuu, nimerudi. Wiki nzima kimya, naomba radhi, kulikuwa na mambo.

Nilikwenda Jumanne saa moja na nusu usiku. Kanipokea kama kawaida, kaniketisha, kaleta chai. Chai, wakuu, kwenye joto lile. Nikanywa. Tukaongea habari za mwanangu, habari za maji ya mtaa kukatika, habari za dada yake aliyeko Moshi na jinsi huko usiku wanajifunika blanketi. Dakika arobaini nzima hakuligusa. Nikajua Mzee wa Gerezani anawajua watu wake.

Halafu akasema, taratibu kabisa, akiangalia kikombe: "Mwanangu, siku ile nilikuwa nakuja na shughuli."

Mjukuu wake amepata kipaimara. Sherehe Jumamosi, wageni sitini. Alikuwa anataka chipsi za watu sitini na mishikaki mia mbili. Sasa rudini juu msome maswali yake. Jumamosi unafungua saa ngapi. Gunia la viazi bei gani. Kijana wa mishikaki bado yupo. Mama alikuwa ananipigia hesabu, anazunguka kwa adabu mpaka afike. Alibakiza hatua mbili tu. Mimi nikamuuliza anataka chipsi au stori, kumbe stori ndiyo ilikuwa imebeba chipsi.

Kazi alishampa jamaa wa pale kituoni. Na malipo ya awali ameshatoa. Nilipotoka nje nikaanza kupiga hesabu ya faida nikaiacha njiani, joto lilinirudia.

Tulisameheana lakini. Jumamosi alinialika, nikaenda. Chipsi za yule jamaa zilikuwa zimelowa mafuta. Nimenyamaza, nimekula.

MzeeWaGerezani

Hasira zangu zimeisha. Umejifunza kwa bei kubwa.

FundiBaridi

Nilisema mimi. Stori ya mteja ndiyo inakuonyesha tatizo liko wapi.

KiepeMabibo

Upande wa kazi sasa. Nimejaribu mengi yenu. "Nikufungie ngapi?" ya Bi Mahamri inafanya kazi ajabu, nimeibadilisha kidogo tu kwa Kidar. "Acha tu" nimeifuta kinywani. Maji ya Nesi nachanganya kila asubuhi, chupa mbili, na saa tisa na nusu mdogo wangu ananishika karai robo saa nakaa kwenye ukuta wenye kivuli.

Na chujio. Msicheke. Chipsi zikiiva nainua, nakung'uta, nagonga ukingo wa karai mara mbili, ka-ka. Nikigonga, nakatisha chochote ninachosema, hata neno liko katikati, nafungasha. Siku mbili za kwanza watu walishangaa. Sasa wakisikia mlio wananyamaza wenyewe, mwenye chipsi zake anasogea.

Lakini lililonisaidia kuliko yote sikulipata hapa, lilitokea tu. Nimeweka benchi chini ya mwavuli mkubwa, hatua kama sita kutoka kwenye moto. Nilidhani wateja watakaa wangojee. Kuna mzee mmoja, fundi cherehani aliyepumzika kazi, ndiye alikuwa bingwa wa kunisimamia karaini na habari za dunia. Sasa amelichukua lile benchi. Anakaa kuanzia saa tisa. Mteja akifika na "mambo vipi, joto leo eeh", mzee anamdaka: "Joto? Njoo ukae hapa nikwambie." Anawaamkia wote, wanamwamkia, anauliza wametoka wapi, nyumbani hawajambo, Yanga itacheza lini. Mimi nasikia tu kwa mbali, nacheka pale panapochekesha. Mteja akija dirishani stori zimeshamtoka zote, anasema anachotaka.

Jana nikagonga chujio, nikamsikia akimwambia kijana mmoja aliyekuwa anasimulia kitu kirefu: "Haya, mpishe kwanza, ameshaita."

DadaMiwa_Moro

Mlete Msamvu huyo. Nitampa juisi bure.

MtejaMsumbufu

Na mimi nataka kukaa kwenye hilo benchi. Liko Mabibo sehemu gani?

ZegeBilaChumvi

Mzee unamlipa?

KiepeMabibo

Sahani ya kiepe kavu saa kumi, pilipili pembeni. Juzi kaanza kudai na soda.